Pikipiki Inamisi

Ni harufu ya mpira uliolowa na kukauka mara nyingi, imechanganyika na petroli iliyolala. Niliikuta ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda cha baba, siku tulizokuwa tunagawana vitu vyake baada ya matanga. Kulikuwa na plagi tatu zilizokwisha, msasa uliokunjwa mara nne, kipande cha waya, na kava la plagi lililopasuka ubavuni. Ndugu wengine walikuwa sebuleni wanazungumzia plau na ng'ombe. Nikaomba lile kopo. Hakuna mwingine aliyelitaka, kwa hiyo siwezi kusema nilipendelewa.

Nimelifungua na kulifunga mara nyingi tangu siku hiyo. Mimi si mtu wa kuandika sana, shule yangu iliishia darasa la saba, na ninachoandika kwenye daftari hili ni mambo ya kila siku tu: nani kaja, mvua imenyesha wapi. Lakini kwa wenzangu wa rika langu, tuliokua wakati simu iko mjini peke yake na habari zinabebwa na watu mdomoni, nataka kueleza habari ya pikipiki ya baba na msimu ule wa mvua. Pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika.

Nilikuwa nimeanza kung'oka meno ya mbele. Tulikuwa Didia, nyumba ya tope yenye bati upande mmoja na nyasi upande mwingine, mimi na baba tu. Mama aliondoka mvua zilipoanza. Majirani walisema amefuata wachimbaji. Baba alisema amekwenda Segese kupika chakula cha kuuza, kwa msimu mmoja, kwa sababu pamba ya mwaka ule ilikuwa imetutupa. Sijui kati yao nani alikuwa karibu na ukweli, na leo nikiwa mtu mzima naona yawezekana wote walikuwa karibu nao. Sikumsikia baba akimsema mama vibaya hata siku moja. Sikumsikia pia akisema anamkumbuka. Alikuwa anapika ugali mgumu kupita kiasi, tunakula bila kuongea, wote wawili tumeelekea mlangoni. Nilidhani watu wote wanakula hivyo, wakitazama nje.

Aliyekuwa anatuletea habari za mama ni Baba Zuhura, muuza mitumba kutoka Shinyanga mjini. Babu yake alitoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza, wakati chetu kilijikwaa kila penye "r". Alikuwa anazunguka minada yote mpaka Segese, akirudi anapita kwetu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Baba Zuhura. Mwadila," baba alisema kwa Kisukuma, maana ilikuwa mchana.

"Hiyo mwadila yenu mpaka leo sijui kuiitikia."

"Itikia hiyohiyo. Sisi hatuna makuu."

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa pipi kutoka kwenye furushi lake. Halafu akasema, "Mama Milembe nimemwona. Mzima kabisa. Amesema: mwambie mwanangu nimemmisi."

"Amenifanyaje?" nikauliza.

Baba Zuhura akacheka mpaka akashika kiuno. "Kakumisi! Maneno ya vijana wa machimboni hayo. Yaani anakukumbuka mpaka roho inamuuma. Mtu akimisi hatulii. Anakwenda hatua mbili, anashtuka, anasimama. Akipika anasahau chumvi. Ndiyo kumisi huko."

Baba alikuwa anachokonoa matope kwenye kiatu. "Wateja wake wanakula chakula hakina chumvi, basi," alisema, na hakuuliza kitu kingine. Mimi nililichukua lile neno nikalala nalo. Nililisema kimyakimya mpaka likawa langu. Nilipenda hasa ile habari ya hatua mbili na kushtuka, kwa sababu niliweza kuiona: mama anatembea sokoni Segese, anashtuka, anasimama.

Sasa pikipiki. Ilikuwa ya zamani, ya aina ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, imetoka kwenye mradi wa mifugo na kupita mikono ya watu wanne kabla ya kumfikia baba. Tangi lake lilikuwa jekundu upande wa kulia na halina rangi upande wa kushoto. Kiangazi iliwaka kwa teke moja. Mvua zilipoanza ikabadilika. Asubuhi yenye umande baba aliipiga teke mpaka shati linalowa jasho, haitaki. Jua likishapanda, inawaka kama haijawahi kukataa. Ikiwa njiani ikakanyaga dimbwi, inaanza kushtuka, inakwenda na kukwama, inakwenda na kukwama, mpaka inazima.

Fundi wetu aliitwa Mabula. Alifanyia kazi nyuma ya ghala la pamba, kwenye kivuli cha ukuta, vifaa vyake vimepangwa juu ya gunia. Alikuwa kijana mwembamba, msafi kuliko mafundi wengi, na alipenda kuuliza maswali kabla ya kushika spana.

"Pikipiki yako hii, Baba Milembe, imezaliwa kabla yangu. Niiamkie kwanza ndiyo niifungue."

"Iamkie. Na wewe jina lako lenyewe ni mvua, Mabula. Ndiyo maana kila unachogusa kinalowa."

Wakacheka. Halafu Mabula akaanza: inakataa asubuhi au mchana? Ikishawaka inaenda vizuri? Ikipita kwenye maji inachukua muda gani kuanza kushtuka? Baba alijibu moja moja, kama mtu aliye mbele ya daktari. Mabula akaipiga teke, akaisikiliza ikinguruma na kukwama, akazima.

"Inamisi hii," alisema.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya gunia. Nikasema, "Inammisi nani?"

Hawakunishangaa. Nadhani Mabula alidhani nauliza kama watoto wanavyouliza. Alisema, "Inamisi moto, mwanangu. Inautafuta, haiupati."

Naomba wenzangu mniwie radhi, lakini kwa mtoto wa umri ule hapakuwa na maana nyingine. Nyumbani kwetu aliyekuwa anawasha moto ni mama. Tangu aondoke, moto ulikuwa unawashwa na baba kwa shida, kuni mbichi, moshi mwingi. Na mama ndiye aliyekuwa anakaa nyuma ya baba kwenye pikipiki ile siku za mnada, amekumbatia kikapu. Kama mama ananimisi mimi huko aliko, kwa nini pikipiki isimmisi mama? Ilikuwa inafanya vilevile alivyosema Baba Zuhura: hatua mbili, inashtuka, inasimama. Na ilianza mvua zilipoanza, mama alipoondoka. Sikuwa na shaka hata kidogo. Tangu hapo sijawahi kuwa na uhakika wa namna ile juu ya kitu chochote.

Kilichonizidishia uhakika ni alichofanya Mabula baadaye. Alimwagia maji kidogo pale kwenye waya wa plagi, akachukua blanketi zito, akajifunika yeye na injini pamoja, kama mtu anayejifukiza homa. Baba akawa anapiga teke, Mabula kimya ndani ya blanketi. Leo najua alikuwa anatafuta giza. Umeme ukivuja kwenye mpira uliopasuka unatoa cheche ndogo za bluu, na mchana wa jua huwezi kuziona mpaka ujitengenezee usiku wako mwenyewe. Lakini mimi niliona mtu mzima amejifunika nguo moja na pikipiki, ameinama, anaisemesha. Na alipotoka amelowa jasho alisema, "Nimeiona inapoumia."

Akatuonyesha ufa kwenye kava la plagi, kile kikofia cha mpira kinachovalishwa juu ya plagi kupeleka umeme. Umande ukiingia pale, alisema, moto unapotea njiani, unakimbilia kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Akakata ncha ya waya iliyooza, akasugua kwa msasa, akapaka grisi, akakaza kava, akalizungushia utepe wa mpira wa tyubu mpaka likawa limefungwa vizuri kama kidole chenye kidonda. Kava jipya lingepatikana mjini, alisema, na baba akasema mjini atakwenda. Kitu kingine alichosema Mabula ni kwamba ikae pakavu na ipate hewa, isifungwefungwe. Hili la mwisho baba ndiye aliyekuja kunisimulia baada ya miaka. Mimi silikumbuki. Inawezekana nililisikia nikalipuuza, kwa hiyo sitajitetea kwa kusema sikuambiwa.

Jioni ile nilikwenda kwenye msumari ilipokuwa inaning'inia kanga moja ambayo mama aliiacha, rangi ya damu ya mzee, maandishi yake bado sikujua kuyasoma. Pikipiki ilikuwa inalala chini ya mchirizi wa bati. Nikaifunga kanga kifuani, pale kwenye injini, nikachomeka ncha yake mpaka juu kwenye plagi, nikaiambia kwamba mama anarudi. Alfajiri kabla baba hajatoka kwenda kunawa, niliitoa. Ilikuwa nzito kwa maji ya mchirizi. Niliianika nyuma ya nyumba, na jioni nikairudisha.

Nilifanya hivyo siku nyingi. Sikumbuki ngapi. Ninachokumbuka ni kwamba asubuhi zikawa mbaya zaidi, na baba akarudi kwa Mabula akiwa na sauti ambayo sikuizoea.

"Umenifungia nini pale? Asubuhi nimekuta maji ndani ya kava. Ndani!"

"Unailaza wapi, Baba Milembe?"

"Mahali pale pale inapolala siku zote."

"Basi kuna kitu kinailowesha. Mimi niliiacha kavu."

"Wewe uliiacha kavu, mimi naikuta imelowa, katikati hapo kuna nani? Mchawi?"

Mabula aliifungua akaifunga tena bila utani. Mimi nilikuwa pale pale nimechuchumaa, na jibu la swali la baba lilikuwa mimi, lakini sikujua. Nilidhani pikipiki imezidi kulia kwa kuwa mama amezidi kukawia.

Ndipo Baba Zuhura akaja tena, safari hii hakubeba utani. Alikataa kukaa. Alisema dhahabu imeonekana mahali ng'ambo ya Geita, na Segese nzima imeshikwa na rashi, yaani kila mtu anabeba mtarimbo na sufuria yake anakimbilia huko. Wachimbaji aliokuwa anawapikia mama wanahama, na mama anahama nao.

"Amesema atakuwepo Segese mpaka Jumamosi, saa sita mchana. Baba Milembe kama ana neno, aje alisemee pale. Akishapita hapo hajui atakuwa wapi."

Baba alisimama ameshika fremu ya mlango. "Saa sita," alisema.

"Saa sita. Mimi nimefikisha kama nilivyotumwa."

Kesho yake, Ijumaa, baba alishinda kwa Mabula. Walibadilisha plagi, wakasugua platini, vile vibati viwili vidogo vinavyogusana na kuachana kutoa moto, wakakausha koili chini ya tangi, wakafunga kava kwa mpira mpya. Mwisho Mabula akachukua ndoo ya maji, akaimwagia injini ikiwa inanguruma, kopo baada ya kopo. Haikushtuka hata mara moja. Akamwaga ndoo nzima. Ikaendelea. Baba akamshika mkono kwa mikono yote miwili akasema, "Wabeja, Mabula. Wabeja sana," na kwetu mtu mzima hamshukuru kijana hivyo kwa jambo dogo. Naliandika hili kwa makusudi. Siku ile pikipiki ilitoka kwa Mabula ikiwa imepona.

Jioni nilikwenda kuiandaa kwa safari. Nilijua tunakwenda kwa mama, na nilitaka iwe na nguvu. Ule utepe wa mpira ulinichukiza, mweusi, unabana. Nikaufungua. Nikachukua ncha ya kanga nikaizungusha mahali pake, nikaikaza kwa meno, nguo ya mama badala ya mpira. Mvua ndogo ilianza kabla sijalala, na niliisikia ikigonga bati, nikafurahi kwamba nimeifunika. Alfajiri niliitoa kanga ikiwa inatiririka maji, nikarudisha mpira kama nilivyokumbuka, yaani ovyo.

Iliwaka kwa kusukumwa. Baba alinikalisha mbele juu ya tangi, nimeshika usukani katikati ya mikono yake. Nadhani alinichukua ili mama anione na kulegea. Inawezekana pia ni kwa sababu hakuwa na mtu wa kuniachia. Tulipita njia za ndani, matope meusi, majaruba ya mpunga kila upande, na chini yangu nilianza kuhisi inashtuka. Baba akasema maneno fulani kwa Kisukuma ambayo hakuyasema mbele yangu siku nyingine. Mahali ambapo maji yalikuwa yamekatiza njia, yenye kina cha goti la mtoto, ikakohoa mara mbili ikazima katikati.

Aliisukuma mpaka pakavu. Hapakuwa na nyumba wala mtu, ila ndege weupe kwenye mpunga. Akachomoa plagi, akairudisha kwenye waya, akaigusisha kwenye chuma, akapiga teke. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili kicheche cha njano, kidogo. Alitazama juu kutafuta jua. Mawingu yalikuwa yamejaa kote.

"Bado inamisi, baba?"

"Leo inamisi sana."

"Tukimfikia itaacha?"

Akageuka. "Tukimfikia nani?"

"Mama."

Baba alianza kufungua ule utepe wa mpira polepole, na niliona vidole vyake vikisimama. Haukuwa umefungwa kwa mkono wa Mabula. Akavua kava, maji yakadondoka, na ndani ya ule ufa kulikuwa na uzi. Akauvuta. Ukatoka mrefu, rangi ya damu ya mzee. Aliutazama, akanitazama mimi, na nikajua kwa mara ya kwanza kwamba nimefanya jambo, ingawa sikujua ni jambo gani.

"Pikipiki haimmisi mtu, Milembe," alisema. "Ni maji tu."

"Na mtu je?"

"Mtu..." Akaokota plagi. "Shika hii plagi. Usiiangushe."

Nikaishika kwa mikono miwili. Alilikausha kava kwa ndani ya shati lake, akalipuliza kama mtu anayepuliza jicho la mtoto lililoingia mchanga. Akaisugua ncha ya waya. Alichovya plagi kwenye petroli, akaiwasha kwa kiberiti, ikawaka moto mdogo wa bluu mpaka ikakauka. Akapiga teke, ikakataa. Akavua kila kitu akaanza upya. Hakunigombeza. Ningependa kuandika kwamba hakunigombeza kwa sababu alinielewa, lakini sijui. Huenda alikuwa ameshikwa na haraka tu. Muda mwingi ulipita. Jua lilipotoboa mawingu lilikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu, na baba alilitazama, akakaa chini kwenye matope, dakika moja tu, halafu akainuka akaweka kava juu ya jiwe likaukie.

Tuliingia Segese alasiri. Nakumbuka mlio wa mashine za kusaga mawe, vumbi jeupe juu ya matope, na vibanda vingi vimebomolewa nusu, nguzo zimebaki bila turubai. Baba aliegesha mbele ya kibanda cha chakula, akaniambia nisishuke. Nilimwona anaongea na mwanamke mwenye upawa. Waliongea kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Yule mwanamke alinyoosha upawa kuelekea barabarani, kisha akautikisa, kama anayesema mbele kidogo tu. Baba alikuwa amenipa mgongo. Alipogeuka alitembea polepole sana.

"Ameondoka," alisema. "Alingoja sana. Sisi ndio tuliochelewa."

Tulirudi njia ileile. Pikipiki ilikwenda vizuri ajabu, kwenye madimbwi, kwenye maji yaliyokatiza njia, kila mahali, haikushtuka hata mara moja. Baba alisema baadaye kwamba injini ikishapata moto sana inajikausha. Mimi nikiwa juu ya tangi nilijua imekata tamaa.

Mengine ni mafupi. Watu Didia walisema Mabula aliharibu pikipiki ya Baba Milembe akamkosesha mke. Baba hakuwahi kusema hivyo, ila hakuwazuia waliosema. Mwaka uliofuata Mabula alihama, na sijui alikwenda wapi. Mimi nilikwishaelewa kosa langu nikiwa darasa la nne, mwalimu alipotufundisha kwamba maji yanapitisha umeme, na nilikaa kimya. Mama alikuja kuniona nilipomaliza la saba, na magauni mawili, na akawa anakuja kila mwaka. Hawakuishi tena pamoja na baba. Nilimpenda mama, na kila alipokuja nilimwona kama mtu niliyemfungia mlango akiwa ameshafika uani.

Safari hii, baada ya mazishi, alikuja kukaa kwangu Ibadakuli siku chache. Amezeeka, macho yanamsumbua kidogo. Tulikuwa uani mchana, anachambua mchele kwenye ungo, ndege ndogo imepita juu ikitafuta uwanja. Sijui nini kilinitia ujasiri.

"Mama, ile siku ya Segese, ulingoja mpaka saa ngapi?"

"Siku ipi?"

"Jumamosi ile. Tulipokuja na baba."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mlikuja?"

Nikamwambia tulikuja, pikipiki ilizima njiani, tukafika alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuwepo Jumamosi," alisema. "Lori lilikuja Ijumaa. Wakasema panda au baki, nikapanda. Yule mama wa kibanda nikamwachia maneno: akija mume wangu mwambie anifuate, si mbali, nusu siku tu. Nikakaa kule nasikiliza kila pikipiki inayoingia. Miezi miwili hivi. Halafu nikajua hakuja."

"Baba alisema ulingoja sana. Alisema sisi ndio tuliochelewa."

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Nilingoja?"

"Alisema sana."

Nimejaribu kuandika hapa kwamba baba alimsitiri mama mbele ya mtoto wake, nikafuta. Nimejaribu kuandika kwamba alijisitiri mwenyewe, kwa kuwa aliitwa mbele kidogo tu akageuza pikipiki, nikafuta pia. Neno lake lilifunika yote mawili, na yeye hayupo wa kuulizwa. Mama naye alipewa nafasi ya kuchagua ndani ya dakika moja, lori linanguruma, na sikuwepo. Kuhusu mimi, miaka yote hii nilijua nimemkosesha mama yangu kurudi nyumbani. Sasa naambiwa sikumkosesha. Ningetegemea kupumua. Lakini yule mwanamke niliyekuwa namwona kila siku akingoja juani pale Segese, akitazama barabara kwa ajili yangu, hakuwepo, na nimegundua kwamba nilikuwa nimeishi naye kuliko nilivyoishi na huyu aliyekaa mbele yangu. Habari ya kanga sikumwambia.

Mama aliokota jiwe dogo kwenye mchele akalitupa. Akaokota jingine. Bila kuinua uso akauliza, "Mlikula lakini, siku hiyo?"

"Tulikula, mama."

"Mlikula nini?"

"Wali na maharage. Pale kwa yule mama wa kibanda. Tukashiba."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua. Sikumbuki kama tulikula.